Haragwe la Sajini Ocaya

Mwenye tenti alifukuzwa Jumatano asubuhi, hata pikipiki yake hajaizima. Alikuwa amekuja kwa adabu zake zote, na picha za tenti nyeupe zenye mapazia ya waridi kwenye simu, maana kila mtu nyuma ya soko la Nateete alijua kwamba Jumamosi Sajini mstaafu Ocaya angepokea wakwe kutoka Kenya. Na huu ulikuwa mwezi wa Aprili, mwezi ambao mtu mwenye akili timamu haandai hata chai nje bila kitu juu ya kichwa. Ocaya alimsikiliza akiwa amesimama langoni, mikono nyuma, kisha akamwambia aende akatafute wateja wenye shida.

"Hapa hapana taka tenti," alisema. "Mtoto yangu ndiye nashika mvua ya serikali. Jumamosi ataizuia."

Aloyo, mtoto mwenyewe, aliletewa habari hiyo kazini kwa simu na mama yake, Ayaa, ambaye alikuwa akicheka na kulalamika kwa pumzi moja. Aloyo hakucheka. Alikuwa ofisini kwao, kwenye mteremko wa Mulago, mbele ya ramani ya mawingu, na ramani ile ilikuwa imeshaanza kuonyesha mambo ya Jumamosi alasiri ambayo hakuyapenda hata kidogo. Mvua ilikuwa inakuja, tena si ya kubahatisha.

Kazi ya Aloyo tuieleze sisi, kwa kuwa baba yake ilikuwa imemshinda. Serikali ilikuwa inatafiti kama mvua inaweza kusaidiwa kunyesha huko Karamoja, kwenye nyanda za malisho ambako ng'ombe hubaki mbavu tupu kiangazi kikizidi. Kidege kinaruka, kinatafuta wingu ambalo rubani wao Okidi hupenda kusema kwamba "lina nia", kinapita chini yake na kumwaga chumvi laini kama unga. Kisha watu wanangoja. Pasipo wingu hakuna kazi, na kuzuia mvua hakumo kabisa katika kazi hiyo.

Lakini utajuaje kwamba mvua iliyonyesha ni ya chumvi, na si ile ambayo ingenyesha tu? Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kabla ya kila safari, Okidi huingiza mkono kwenye kopo kuukuu la majani ya chai, bila kuchungulia, na kuchomoa haragwe moja. Likiwa jekundu, huko juu anamwaga chumvi. Likiwa jeupe, anaruka vilevile na kulizunguka wingu vilevile, ila hamwagi kitu. Haragwe analitia mfukoni, hamwonyeshi mtu, na siri hiyo inakaa kwenye sanduku lenye kufuli mpaka msimu uishe. Aloyo na wenzake wanaopima mvua hawaruhusiwi kujua, wasije wakaona kile wanachotamani kukiona.

Wafugaji waliopewa vipimo vya mvua walikuwa na swali moja kila walipopiga simu kutoa taarifa. Hii ya jana, waliuliza, ni yenu au ya Mungu? Aloyo alikuwa na jibu moja tu: hatujui bado. Wafugaji waliangua kicheko, wakiamini kwamba anawaficha.

Basi kamweleze hayo Sajini Ocaya. Alikuwa amemaliza ujana wake kwenye vizuizi vya polisi barabarani, akikagua magunia, na mpaka leo hakuna mfuko uliovuka mlango wake bila yeye kuuchungulia. Hata Ayaa akirudi sokoni na nyanya, alisimamishwa zikaguliwe. Ocaya alikuwa mtu wa mambo yanayoshikika. Wenzake wa zamani wa kambini walikuwa na watoto ambao kazi zao zinatajika kwa neno moja: nesi, mwalimu, kapteni. Yeye, kila msiba na kila harusi, aliulizwa binti yake anafanya nini, akaanza habari za mawingu na chumvi, na watu wakageukia sahani zao. Siku moja, kwa uchovu tu, akasema binti yake ndiye mkubwa wa mvua. Meza nzima ikanyamaza. Ocaya aliupenda ukimya ule kuliko hata kiinua mgongo chake.

Kutoka hapo hadi kuzuia mvua hapakuwa mbali. Kampala hii, mwenye sherehe msimu wa mvua huambiwa amtafute mtu wa kuishika. Jirani yao Erinayo alimjua mmoja huko Busega, mtu wa uhakika, na akaja mwenyewe kumpendekeza. Ocaya alimshukuru na kumwambia hahitaji wa kuazima, anaye wake, tena msomi. Erinayo akaipeleka habari hiyo sokoni, na soko likaipeleka kila mahali.

Aloyo alijaribu kuongea na baba yake Jumatano hiyohiyo jioni. Alimweleza kwamba hawazuii mvua, kwamba hata kuileta hawana hakika nako, ndiyo maana unaitwa utafiti. Ocaya alimsikiliza kwa upole mwingi, akamjibu kwamba wakubwa wote husema hivyo, na kwamba anajua siri za serikali hazisemwi mezani. Ayaa akajifungia jikoni ili acheke vizuri.

Kilichomuumiza Aloyo hakikuwa kulowa. Alimpenda sana huyu mzee, na alimwona tayari, amesimama uani kwa suti yake ya kijivu, maji yakimchuruzika, wakwe wakimcheka, siku ile ile anayomtoa binti yake wa pekee. Odera, mchumba wake, Mjaluo wa Siaya aliyeuza vipuri vya pikipiki hapohapo Nateete, alimpoza akisema kwamba kwao mtu akilowa hukauka. Lakini Odera huyo huyo ndiye aliyemwonya kuhusu mjomba wake Owino, msemaji wa msafara. Mjomba Owino akiokota kichekesho, alisema, hakiachi mpaka kwenye mazishi yako.

Alhamisi, wakati wa kutoka kazini, Aloyo alilitazama lile kopo juu ya kabati na wazo likamjia. Baba yake hasikii maelezo, lakini amri anaisikia. Maisha yake yote alifanya alichoamriwa bila kuuliza kwa nini. Basi apewe amri. Haragwe jeupe liseme: mvua isiguswe, kodi tenti. Mzee atakodi tenti bila aibu, kwa kuwa mkono wake mwenyewe ndio uliochomoa.

Na ili kusitokee bahati mbaya, Aloyo alikaa chini akayachambua maharagwe yote mekundu akayatoa. Yeye ndiye aliyekuwa akimgombeza Okidi akitikisa kopo kivivu, na sasa alikuwa anaiba kura ya kwanza katika historia ya mradi. Alijitetea moyoni kwamba hii si kazi ya serikali, ni kazi ya nyumbani.

Alifika Nateete, akaliweka kopo mezani sebuleni, akaenda jikoni kumwamkia mama yake. Aliporudi, Ocaya alikuwa amekaa wima kwenye kiti, amevaa miwani, kopo likiwa mbele yake. Aloyo akamweleza utaratibu wote: jekundu kazi inafanyika na tenti hazihitajiki, jeupe mvua inaachwa na tenti zinakodiwa. Ocaya alitaka kujua kama ndivyo hata Okidi anavyofanya. Okidi alikuwa mtoto wa rafiki yake wa kambini, na alichokubali Okidi yeye hangeweza kukikataa. Aloyo akamhakikishia kwamba ni hivyo hivyo, neno kwa neno.

Mzee akavua miwani, akafumba macho, akaingiza mkono. Akachomoa. Bila hata kutazama, akalitia haragwe kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Aloyo akangoja. Baba yake naye akawa anamtazama tu, mtulivu kabisa.

"Ni la rangi gani, Baba?"

"Okidi naonyesha nyinyi?"

"Hapana."

"Basi na mimi hapana onyesha. Umesema neno kwa neno."

Akainuka akaenda kusikiliza taarifa ya habari. Aloyo alibaki na kopo lake. Alijua vizuri sana rangi ya haragwe lile, kuliko hata aliyelibeba, na hakuwa na njia ya kusema bila kukiri wizi wake. Jikoni Ayaa alikuwa amesikia yote, na mwiko ulimwanguka kwa kicheko.

Jumamosi ilianza na jua la kudanganya watu. Viti vilipangwa uani pande mbili zikitazamana, upande wa wakwe na upande wa wenyeji, na katikati ukaachwa uwanja wa maneno. Tenti hata moja haikuwepo. Erinayo alikuja mapema, akatazama juu, akatazama viti, akamtazama Ocaya, kisha akajichagulia kiti cha karibu na mlango. Ocaya alizunguka na suti yake ya kijivu, akisogeza kiti hiki na kile, na Aloyo aliyekuwa chumbani nyuma ya pazia, kama bibi harusi anavyotakiwa kungoja mpaka aitwe, alimwona akiinua macho mbinguni mara kwa mara. Mara mbili aliushika mlango atoke akamwambie, na mara mbili shangazi zake wakamrudisha kitini.

Wakwe walifika mchana wakiwa wamependeza, Mjomba Owino mbele na fimbo yake, mama wakubwa nyuma na vikapu. Walisalimiwa, wakaketishwa. Owino alisimama, akakohoa, akafungua mdomo kusema walichofuata, na tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso. Alilifuta akaendelea. La pili halikuja peke yake. Lilikuja na Nateete nzima.

Hakuna adabu za ukwe zinazostahimili mvua ya aina ile. Watu walikimbia na viti vichwani. Sebule ya Ocaya, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na runinga moja, iliwameza wote. Upande upi ni wa wakwe na upi ni wa wenyeji haikujulikana tena; mama mkubwa wa Odera, mwanamke mzito aliyekuja na uso wa kutafuta makosa, alijikuta amebanwa katikati ya masajini wastaafu wawili, mmoja akimshikia kikapu na mwingine akimpepea. Erinayo alining'inia dirishani. Mabati yalinguruma kiasi kwamba ilibidi wangoje yapunguze kelele ndipo mtu asikike.

Yalipopunguza, aliyesikika alikuwa Mjomba Owino. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anadondosha maji kwenye zulia.

"Sajini, sisi ni wageni, hatulalamiki," alisema. "Lakini tangu tuvuke mpaka hapo Busia tunaambiwa huyu msichana wetu anazuia mvua. Mimi niko na swali moja tu. Hii ni ile imezuiwa, ama tungoje?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko, wakwe na wenyeji kwa pamoja. Nyuma ya pazia masikio ya Aloyo yalipata moto. Kumbe kichekesho kilichookotwa hakikuwa baba yake. Kilikuwa yeye, bibi harusi wa mvua, na angekaa nacho kila Krismasi huko Siaya mpaka azeeke. Alichungulia kwenye upenyo wa pazia, akamwona baba yake akiinuka polepole na kufunga kifungo cha koti.

"Nani aliambia nyinyi atazuia?" Ocaya aliuliza.

"Wewe," Erinayo alimjibu kutoka dirishani, kwa unyofu kabisa.

Watu wakacheka tena. Ocaya aliwangoja wamalize, kama alivyokuwa akiwangoja madereva wamalize visingizio vyao.

"Basi nilikosea. Polisi pia nakosea," alisema. "Kazi ya mtoto yangu si kuzuia. Huko Karamoja ng'ombe nakufa na kiu. Yeye na watu yake natafuta kama mvua naweza kusaidiwa kushuka. Wanaweka chumvi kwa wingu, wanapima, wanangoja. Na ukiuliza yeye kama imefaulu, nasema bado hajui. Mimi nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote. Mtu mwenye naweza kusimama mbele ya mkubwa na kusema bado sijui, mimi nampigia saluti."

Na akapiga saluti kweli, akiligeukia pazia, visigino vikagongana. Aloyo alifunika mdomo kwa mkono. Chumba kilikuwa kimya, ukimya uleule ambao mzee aliupenda, ila safari hii hakuwa amesema uongo wa kuupata.

Ocaya alikuwa hajamaliza. Akawaeleza habari za kopo: haragwe jekundu maana yake leta mvua, jeupe maana yake iache. Akasema alichomoa haragwe Alhamisi mbele ya binti yake na kulihifadhi kama kanuni inavyotaka, na sasa anaona msimu umeisha na kufuli lifunguliwe. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akautoa na kukifungua kiganja chini ya pua ya Owino.

Lilikuwa jekundu, linang'aa.

"Nyinyi mnaleta ng'ombe ya mahari," Ocaya alisema. "Yeye ametangulia na majani."

Owino alilichukua haragwe lile, akaligeuza, akamwonyesha mama mkubwa, naye akawaonyesha masajini wake. Kisha mzee wa watu akaegemea fimbo yake na kucheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alisema hapo amepatikana, kwamba hajawahi kulowa kwa heshima kiasi hicho, na kwamba wamtoe binti mara moja kabla hajaamua kuleta na radi. Vigelegele vikapasua mabati upya. Aloyo aliitwa, pazia likavutwa, na akatoka akiwa analia na kucheka, na watu wote wakadhani ni kwa ajili ya Odera.

Odera mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa kijana mwema, na Aloyo alimpenda. Lakini wakati ule alikuwa anawaza maharagwe. Alikuwa ameyachambua kwa mikono yake. Kwenye kopo lile hapakuwa na jekundu hata la dawa.

Alimpata baba yake baada ya chakula, kwenye kibaraza cha jikoni, amekaa kwenye kigoda na sahani magotini. Mvua ilikuwa bado inanyesha, sasa kwa utaratibu, na sebuleni masajini walikuwa wanamfundisha mama mkubwa nyimbo za kambini. Aloyo akachuchumaa kando yake.

"Baba, lile haragwe."

Ocaya aliweka sahani chini. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa haragwe jeupe, akamwekea mkononi.

"Hii ndiyo yako. Nyekundu ni ya mama yako, nilitoa kwa gunia yake ya maharagwe," alisema. "Wewe uliacha kopo mezani na polisi, ukaenda jikoni. Ulidhani sitakagua?"

Baba yake akamweleza taratibu kwamba alilimwaga kopo lote mezani, akakuta jeupe tupu, akaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba Jumamosi mvua iko, na kwamba mtoto wake asiyejua kudanganya amejifunza udanganyifu ili kumwokoa yeye. Usiku ule alipata usingizi kwa shida. Ijumaa akampigia Okidi simu, akamwomba amweleze kazi ya Aloyo kuanzia mwanzo, na asimwone mjinga akiuliza mara mbili. Okidi alieleza, na mzee aliuliza zaidi ya mara mbili.

Kisha akaenda kwa mwenye tenti. Tenti zote zilikuwa zimeshakodiwa, na mwenye tenti akamrudishia maneno yake ya Jumatano, aende akatafute wenye shida.

Aloyo alicheka mpaka akamwegemea begani. Ocaya naye alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa na mali ya wizi mkononi. Akasema haragwe jekundu lilikuwa mfuko wa koti na jeupe mfuko wa shati; jua lingewaka angetoa jeupe na kusema mvua ilipewa ruhusa ya kupumzika. Aloyo akamwambia kwamba huo ndio uovu hasa ambao mradi mzima ulianzishwa kuuzuia. Mzee alikubali kwa kichwa, akamwonya asije akathubutu kuchezea kopo la serikali tena, akaokota sahani yake.

Walikaa hivyo wakiitazama mvua ikijaza ndoo za Ayaa.

"Sasa niambie, mama," Ocaya alisema baadaye, akionyesha uani kwa kidevu. "Hii ya leo. Ni yenu au ya Mungu?"

Aloyo alikifungua kiganja chake akalitazama haragwe. Tangu aanze kazi ile, wafugaji wote wa Karamoja walikuwa wamemuuliza swali hilo, na leo, kwa mara ya kwanza, jibu alikuwa nalo.

"Ya Mungu, Baba," alisema. "Hii najua kabisa."